Mwenye Duka Aliyekataza Simiti

Mara ya kwanza nilipomsikia akimkatalia mtu simiti, nilidhani wana ugomvi wa kifamilia. Mteja alikuwa mstaafu wa bandarini aliyerejea Msambweni na kiinua mgongo chake, naye alitaka lori zima la simiti azungushie ukuta shamba lake lililo njia ya Lunga Lunga. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, akijipepea kwa kifuniko cha boksi la misumari.

"Shamba lina nini?" akamwuliza.

"Kwa sasa halina kitu. Nataka ukuta kwanza."

"Na mwizi akiruka ukuta, ataiba nini? Nyasi?"

Mstaafu akacheka, akidhani ni utani wa kibiashara. Mwenye duka hakucheka. "Nenda kalime, babangu. Kikimea cha kuibwa, rudi tuzungumze." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma. "Haya, Fundi, karibu."

Yule mzee alivuka barabara, akaingia duka la mkabala, akauziwa yote aliyoyataka na kupewa soda baridi juu yake. Ukuta aliujenga. Uko hadi leo, na ndani yake mna nyasi nzuri sana ambazo hakuna aliyethubutu kuziiba.

Nilimjua mama huyu kwa miaka mingi, wala sikuwahi kumwita kwa jina. Hakuna aliyemwita. Alikuwa mwenye duka tu, hata kwa wanawe, ambao wakimpigia simu kutoka Mombasa huuliza, "Mwenye duka ameshindaje?" Duka lenyewe lilikuwa Ukunda, kwenye barabara ya kuteremkia ufuoni Diani. Aliuza misumari, nondo, mabati, rangi na mabomba, lakini riziki yake hasa ilikuwa simiti. Mimi ni fundi mwashi, kwa hivyo riziki yake na yangu zilikuwa ndani ya mfuko mmoja.

Alikuwa mtu wa kujipenda. Mahali ambapo vumbi la simiti hukaa hata kwenye kope, yeye alishinda na wanja wake machoni, leso zilizopigwa pasi, na harufu ya udi iliyokupokea kabla hujafika mlangoni. Maamkizi aliyashika kama sheria. Vijana wa bara wanaofanya kazi mahotelini wakiingia na "Niaje, mathe," aliwarudisha nje. "Toka, piga hodi, uingie tena kama mtu." Wakatoka, wakapiga hodi, wakasema shikamoo kwa ulimi mzito, naye akaitikia marahaba kwa furaha ya kweli, kana kwamba si yeye aliyewatesa.

Wako waliosema kwamba amerogwa na duka la mkabala, maana mfanyabiashara mwenye akili zake hafukuzi wateja. Ukweli ni kwamba alikuwa amehudhuria semina.

Kampuni iliyomletea simiti iliwaalika wenye maduka wote wa pwani ya kusini kwenye hoteli moja ya Galu, na kila mwenye duka aliruhusiwa kwenda na fundi wake mmoja. Ndiyo maana nami nilikuwepo. Wengi tulikwenda kwa ajili ya kamba wa nazi. Kabla ya kamba tukaletewa mtaalamu, bwana mpole mwenye miwani, aliyetueleza jinsi simiti inavyopatikana: mawe ya chokaa huvunjwa, yakatiwa kwenye tanuri lenye moto usiosemeka, na hapo hutoka hewa ya ukaa. Sehemu yake ni moshi wa makaa yanayochomwa. Sehemu kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe, ambalo liliifungia hewa hiyo tangu zama za zama, na ukilichoma linaiachilia. Hewa ile hupanda juu, ikalifunika anga kama blanketi, ardhi ikakauka na bahari ikapata joto. Lakini, akasema mtaalamu, kampuni imeamua kupunguza. Itachanganya simiti na majivu ya volkano ili mawe yachomwe kidogo. Itachoma vifuu na maganda ya korosho badala ya makaa ya mawe. Tukapiga makofi, tukagawiwa kofia za kijani.

Mwenye duka alikuwa ameinua mkono.

"Mimi nina dada yangu Kibuyuni, analima mwani," akasema. "Siku hizi maji yakipata joto, mwani unageuka mweupe, unakatika wenyewe kwenye kamba. Ndiyo hiyo hewa?"

"Inachangia, mama. Ndiyo."

"Na mimi nauza simiti."

"Naam."

"Kwa hivyo ni mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka, alivua miwani akaifuta. "Si wewe peke yako, mama. Ni sisi sote."

"Hao 'sisi sote' siwajui wanakaa wapi," akasema mwenye duka. "Mimi najua ninapokaa." Akaketi. Kamba walipokuja hakuwala, akanisogezea sahani yake, nami nikala chakula cha watu wawili huku nikijiambia kwamba kesho atasahau.

Hakusahau. Katika ukumbi ule wote, kampuni ilikuwa imempata muumini mmoja, na wala haikujua.

Mwanzoni imani yake ilikuwa na makosa. Alidhani kwamba hewa ile ya ukaa imo ndani ya mifuko, kwa hivyo akawa anaacha milango ya ghala wazi ili itoke. Kilichotokea ni kwamba unyevu wa bahari uliingia, na rundo zima la simiti likaganda likawa mawe. Ilinibidi nimweleze.

"Hewa ilikwisha kutoka kule kiwandani, Bi. Humu hamna kitu."

"Ilitoka kabla mimi sijanunua?"

"Kabla."

"Na nisingenunua, wangechoma?"

Nilimwambia sijui. Akaniambia nikachunguze, kana kwamba mimi ndiye mwenye kiwanda. Ile mifuko iliyoganda hakuitupa. Aliipanga mbele ya duka ikawa ngazi, na kila aliyepanda alielezwa, atake asitake, sababu ya ngazi ile.

Kuanzia hapo kununua kwake kulikuwa kama kuposa. Unajenga nini? Vyumba vingapi? Mnalala wangapi? Sebule hiyo kubwa ni ya wageni gani, na mwaka jana ulitembelewa na nani? Mwalimu mmoja wa Tiwi alikuja kutaka simiti ya kusakafia ua mzima, akatoka na mche wa mdimu. Mwanakamati wa msikiti aliyekuja kwa ajili ya mnara wa pili aliulizwa kama ule wa kwanza umechoka. Alikasirika akasema yule ni mwanamke asiye na dini, ingawa mikeka aliyosalia ilinunuliwa na mwenye duka huyo huyo.

Alikuwa na misemo yake. "Simiti ni kama chumvi," alisema, "mpishi mbaya huijaza." Akiona fundi anaharakisha kazi na kuacha ukuta ukauke juani, alisema, "Hamtaki kuunywesha maji, mwataka kuufidia kwa simiti." Hapo hakukosea, ndivyo wengi wetu tulivyofanya. Mafundi walimkimbia mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kazi ikiwa ndogo na ujira wa fundi ni mdogo. Mimi nilibaki. Napenda kusema nilibaki kwa ajili ya bahari, lakini nilibaki kwa sababu simiti yake ilikuwa mpya siku zote na hakuwahi kunipa mfuko uliopunjwa. Halafu nilimzoea. Kuna watu ukishawazoea, duka lolote lingine unaliona limepooza.

Usidhani alikuwa walii. Mizigo yake aliisafirisha kwa lori kuukuu ambalo likipanda kilima kidogo tu, barabara nzima ilifunikwa na moshi mweusi kama chungu. Nikamwambia siku moja, "Bi, na hili je?" Akanijibu bila kupepesa, "Lori ni la marehemu mume wangu. Sigombani na maiti." Nyumba yake Msambweni ilikuwa ghorofa ya zege tupu, nguzo nene kama mibuyu, na simba wawili wa simiti langoni. "Nilijenga kabla sijajua," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hoja iliyokamilika. Na jambo lililonichekesha kuliko yote ni wivu wake. Alimfukuza mteja yeye mwenyewe, kisha akimwona anaingia duka la mkabala alipandwa na hasira. "Mtazame! Mnafiki mkubwa! Nimemnyima mimi, amekwenda kwa yule!"

"Ulitaka aende wapi, Bi?"

"Nyumbani."

Siku ngumu kwake haikuletwa na mstaafu wala mwanakamati. Ililetwa na dada yake wa Kibuyuni.

Nilikuwepo, nikisubiri nondo. Yule dada aliingia na leso iliyopauka kwa chumvi, mikono imechanikachanika kwa kamba za mwani, akaketi kwenye gunia la misumari. Walijuliana hali kwa kirefu kama ilivyo desturi. Halafu dada akasema amekuja kuchukua simiti. Nyumba yake ya udongo imeliwa na mchwa, na mvua za masika zimeangusha ukuta wa chumba cha watoto. Amedunduliza kwa mwani, ule mwani unaokatika, na sasa anataka nyumba ya mawe.

Mwenye duka akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia dukani, "Dada, udongo nao una heshima yake. Ukichanganywa vizuri, ukapigwa chokaa..."

"Heshima hiyo kaa nayo wewe," dada akamkata, "huko kwenye ghorofa lako."

Nilitazama nondo.

"Mimi hii ninaifanya kwa ajili yako," mwenye duka akasema.

"Nani alikutuma? Mimi nimekwambia bahari ina joto. Sikukwambia nataka kulala na mchwa."

Wakatazamana, sura zao zikifanana kama shilingi kwa ya pili, mmoja na wanja wake na mwingine na chumvi yake. Mwisho mwenye duka aliinuka, akaenda ghalani mwenyewe, akawaambia wapakizi wapakie. Hakuuliza vyumba vingapi, wala sebule ya nani. Dada alipotoa kitita chake kilichofungwa kwenye pindo la leso, mwenye duka alikirudisha pindoni, akakifunga fundo, akakaza. Lori lilipoondoka na moshi wake, akafunga duka, na jua lilikuwa bado liko utosini.

Nyumba ile nilijenga mimi. Mwenye duka alikuja Kibuyuni mara kwa mara wakati wa ujenzi, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akanisimamia kama askari jela. Alisema anakuja kuhakikisha siibi simiti. Lakini nilimwona akiteka maji mwenyewe na kuumwagia ukuta, na alipodhani simtazami, aliupapasa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Sidhani alijua kama anaupenda au anauchukia. Dada alimletea chai. Walikunywa bila kuzungumza, na kwa ndugu wa pwani wasioishiwa maneno, hilo lilikuwa jambo.

Baada ya hapo alilegea kidogo. Mwenye chumba kimoja aliuziwa bila kuhojiwa, na waliotoka Kinango kutafuta simiti ya birika la kuvunia maji ya mvua aliwabebea kwa lori lake. Lakini wenye kuta na minara waliendelea kukiona cha mtema kuni.

Ajenti wa kampuni alikuwa kijana wa bara, mtanashati, mwenye haraka. Baada ya kurudishwa nje mara kadhaa alijifunza kupiga hodi. Siku moja alikuja na uso wa msiba.

"Shikamoo, mathe. Hii story ya kuambia watu wasinunue inaniua. Target hatufiki hata nusu."

"Marahaba, mwanangu. Si nyinyi mlisema tupunguze?"

"Tulisema sisi ndio tunapunguza. Kule kiwandani. Wewe kazi yako ni kuuza."

"Nyinyi mpunguze moshi wa kila mfuko, mimi niongeze mifuko. Sasa bahari itajuaje kwamba mmepunguza?"

Ajenti akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. "Mathe, mimi niko na watoto," akasema.

Mwenye duka akamwagizia maji ya madafu. Kisha akamwambia kwamba hatabadilika, ila atamwombea dua apate duka jingine la kufikisha hiyo target.

Hapo kampuni ilifanya mambo mawili ambayo, nikiyasimulia, watu hudhani natia chumvi. La kwanza, ilimpa tuzo. Wakubwa wa huko juu walisikia kwamba Ukunda kuna mama anayehubiri mazingira usiku na mchana, wakamwita tena Galu, wakampa kibao cha kioo kilichoandikwa Balozi wa Mazingira, wakampiga picha akitabasamu na wanja wake. Safari hii kamba aliwala. La pili, muda si muda, ilimnyang'anya uwakala. Ajenti yule yule alikuja na wafanyakazi kubandua bango la kampuni juu ya mlango. Alisimama kando amejiinamia. Ofisi iliyotoa tuzo na ofisi iliyohesabu mauzo hazikuwa zikizungumza.

"Mathe, si mimi," akasema.

"Najua. Ni nyinyi nyote," mwenye duka akamjibu, akampa ngazi wasije wakaanguka.

Alijaribu kuendelea na misumari na rangi. Lakini anayekuja kununua misumari hutaka na simiti hapo hapo, na mwishowe alifunga, akarudi Msambweni kukaa kwenye ghorofa lake na simba wake. Mimi nilipata kazi Majoreni, moja ikazaa nyingine, tukapotezana.

Juzi hapa nilikuja Ukunda kununua mwiko mpya. Nilipofika njia panda niliinua macho, nikamwona. Alikuwa juu ya bango kubwa kuliko nyumba, anatabasamu na kibao chake cha kioo kifuani. Chini yake wameandika: JENGA ZAIDI, CHAFUA KIDOGO. Pembeni kuna mfuko wa simiti mpya, wa kijani. Nilisimama nimeduwaa, watu wakinipiga vikumbo.

"Fundi! Hata salamu?"

Niligeuka, nikamwona mwanamke aliyevaa buibui na ninja, macho tu yanaonekana. Udi ndio uliomtambulisha, wala si sauti.

"Shikamoo, Bi! Sikukujua."

"Marahaba. Ndiyo nia, nisijulikane." Akanivuta kwenye kivuli cha kibanda cha mkaanga mihogo. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amefunika uso. Uso ule alikuwa akijivunia.

"Umeliona?" akaniuliza.

"Nimeliona."

"Wamenifanya mweupe. Na baka langu la shavuni wamelifuta."

"Walikuomba ruhusa?"

"Nilitia saini siku ya tuzo. Nilidhani ni ya chakula." Akaligeuzia bango mgongo. "Na wajua, simiti ile yanunuliwa sana. Jamaa wa duka la mkabala alinisimamisha akanishukuru. Asema watu huingia wakiagiza, 'Nipe ile ya yule mama mwaminifu.' Nilipokuwa nikiuza sikuuza hivyo, Fundi. Tangu niache kuuza ndipo ninapouza."

Mkaanga mihogo aligeuza mihogo yake.

"Kila nikipita nasimamishwa," akaendelea. "Maharusi wameniomba picha. Mwingine akanionyesha kwenye simu ukuta wake, mrefu kama gereza, akaniambia, 'Mama, huu ni kwa ajili yako.' Ndipo nikanunua hii ninja." Akanitazama moja kwa moja. "Niambie kweli. Kelele zote zile nilizopiga, kuna ukuta hata mmoja ambao haukujengwa?"

Niliwaza. Sikutaka kumdanganya, maana angejua. Nikamwambia kwamba kule Majoreni kuna bwana alitaka ukuta wa kuzunguka kiwanja chake, na mimi, fundi mwenye njaa, nikajikuta nambishia hadi akakubali nimpandie ua wa minyaa. Umeshamea, mbuzi hapiti. Bwana yule hajanisamehe hadi leo. Kila akiniona husema nimemfanya aonekane maskini.

Kitambaa cha ninja kilitikisika. Alikuwa anacheka, kicheko chake kile cha zamani, hadi akashika ukuta wa kibanda.

"Maskini wa Mungu," akasema. "Msalimie sana."

Wakati huo alipita mzee mmoja mwenye kanzu na bakora. Alisimama, akamtazama mwenye duka alivyojisitiri, akaguswa. "Mashallah," akasema. "Wanawake kama hawa wamebaki wachache. Mwenyezi Mungu akuzidishie imani, binti yangu."

"Amin, baba," mwenye duka akajibu kwa sauti nyembamba.

Mzee akaenda zake ameridhika. Mwenye duka alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye umati, kisha akaniambia kwamba Msambweni nako wanamsifu hivyo hivyo, na yule mwanakamati wa msikiti amemsamehe na kumletea halua. Akanihimiza nimfikishie salamu mke wangu, akaikaza ninja yake, akavuka barabara kwa hadhari, akipita chini ya uso wake bila kuinua kichwa.